Chama cha sataranji shuleni: anza na mtoto anayeshindwa

Kila muhula ukifunguliwa napata simu mbili tatu za aina moja. Mzazi wa Kisauni, mwalimu wa Likoni, kijana wa Majengo aliyemaliza chuo na jioni hana shughuli. "Mwalimu, nasikia una chama cha sataranji cha watoto. Na mimi nataka kuanzisha. Nifanyeje?" Nimejibu kwa simu mpaka sauti imekauka, kwa hivyo leo nimeona niyaandike yote hapa, ili atakayetaka ayasome kwa nafasi yake.

Nimeendesha chama hiki miaka mitano sasa, katika shule moja ya msingi hapa kisiwani Mombasa, na watoto wa Gredi ya Tatu hadi ya Sita. Mimi si bingwa. Mchezo wenyewe nilifundishwa ukubwani na mwenzangu wa kazini, na wapo watoto wawili watatu chamani ambao wananifunga bila jasho. Hilo lisikutishe. Kazi ya mwenye chama cha watoto wadogo si kucheza vizuri. Kazi yake ni kuhakikisha mtoto aliyeshindwa Jumatano hii anarudi Jumatano ijayo. Mimi nililijua hili baada ya kukosea sana, na makosa hayo nitayasema.

Mchezo si mgeni kwetu

Utaambiwa sataranji ni mchezo wa Wazungu. Waambie sivyo. Ulianzia India yapata karne ya 6, ukaenda Uajemi, Waarabu wakauchukua, na kwa mikono ya Waislamu ukafika Hispania na Ulaya yote. Neno letu sataranji limetoka njia hiyo hiyo. Hata ile kauli ya mwisho wa mchezo, "shah mat", ni ya Kiajemi: shah ni mfalme, na maana yake ni kwamba mfalme hana hila tena.

Watoto wa pwani huuelewa upesi kwa sababu wamekulia barazani, ambako wazee wanacheza bao, drafti, dhumna na keram. Mimi huanza hivi: bao letu la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, sataranji ina kete 32 na miraba 64. Mtoto akisikia hivyo huanza kuhesabu mwenyewe, na hapo umeshampata.

Majina ya kete tumeyaweka kwa Kiswahili: mfalme, malkia, ngome, farasi, ndovu na kitunda. Ile ambayo Waingereza wanaiita askofu, Waarabu waliiita fili tangu zamani, yaani ndovu, basi nasi tumechukua ndovu. Kitunda ni neno la zamani la kile kidogo cha mbele. Watoto wengine wanakiita askari, na sina ugomvi nao. Mfalme akitishwa, tunasema "shaha!" Akiwa hana pa kukimbilia, ni "mati".

Kabla ya mtoto wa kwanza kuketi

Anza kwa mwalimu mkuu, na uende na barua. Andika siku, saa, chumba, idadi ya watoto, na nani atakuwa nao. Usiwe mtu mzima peke yako na watoto; awepo mwalimu mmoja wa shule, na mlango ubaki wazi. Ukiombwa cheti cha tabia njema cha polisi, usikasirike. Mzazi anayekuuliza maswali ni mzazi mzuri. Kila mtoto alete karatasi iliyotiwa sahihi nyumbani, na uwe na orodha ya nani anachukuliwa na nani anatembea peke yake.

Siku na saa zina mambo yake hapa kwetu. Mimi nilianza na Jumamosi asubuhi, nikapata watoto sita. Wengine walikuwa chuoni wakisoma Kurani, na haki yao. Nikahamia Jumatano, saa tisa na nusu hadi saa kumi na nusu, tukisimama kwa swala ya alasiri. Ramadhani tunafunga chama kabisa. Watoto wamefunga, wamechoka, na kumlazimisha mtu afikiri hatua tatu mbele saa kumi jioni na kiu ni kumwonea.

Halafu kuna njaa. Mtoto aliyekula saa saba mchana, saa kumi hawezi kutulia. Sisi mama mmoja wa jirani hutuletea mihogo ya kuchemsha, na wazazi huchanga. Si jambo dogo. Phiona Mutesi, yule binti wa Katwe kule Kampala ambaye maisha yake yalitengenezewa filamu mwaka 2016, alifika kwa mwalimu Robert Katende mara ya kwanza akifuata kikombe cha uji. Sataranji ilikuja baadaye, na mwaka 2012 akapata cheo cha kimataifa.

Vifaa vichache vinatosha

Ubao mmoja kwa watoto wawili. Watoto 24, mbao 12. Zile za plastiki laini zinazokunjwa ndizo zinazodumu. Za karatasi ngumu hupinda kwa unyevu wa bahari kabla muhula haujaisha. Kama huna pesa, chora miraba kwenye manila na utumie vizibo vya soda, ukiandika juu yake M, N, F na kadhalika. Mwaka wetu wa kwanza nusu ya seti zetu zilikuwa vizibo, na watoto walijifunza vile vile.

Kila seti iwe na mfuko wake wenye namba, na mtoto asiondoke mpaka ahesabu kete 32 kwa sauti. Tulipokuwa hatuhesabu, malkia watatu walipotea mwezi mmoja.

Kuweka ubao: mraba mweupe uwe pembeni mkono wa kulia wa kila mchezaji, na malkia akae kwenye rangi yake. Haya mawili ndiyo yanayokosewa kila siku, hata na watu wazima.

Utaratibu wa muhula mmoja

Usianze na kete zote. Nilifanya hivyo mwanzo, nikaona macho ya watoto yakitoka nje ya dirisha.

Wiki ya kwanza chezesha vitunda peke yao, vinane kwa vinane. Anayefikisha kitunda upande wa pili kwanza ndiye mshindi. Mtoto wa Gredi ya Tatu anaelewa kwa dakika tano, na anajifunza jambo gumu la kitunda bila kujua kwamba anasomeshwa: kinatembea mbele, kinakula kwa pembeni.

Wiki ya pili ongeza mfalme. Ya tatu ngome, kwa sababu inakwenda mistari iliyonyooka. Ya nne ndovu, anayekwenda kwa pembe. Ya tano malkia, ambaye ni ngome na ndovu pamoja. Farasi awe wa mwisho, wiki ya sita, kwa kuwa anaruka na mwendo wake haufanani na wa yeyote. Thamani zao zikae ukutani: kitunda 1, farasi 3, ndovu 3, ngome 5, malkia 9.

Wiki ya saba fundisha mati ya ngome mbili. Ngome moja inafunga mstari, ya pili inafunga unaofuata, mfalme anarudishwa nyuma hatua kwa hatua kama mtu anayepanda ngazi kinyumenyume, mpaka ukuta unamkamata. Ndiyo mati ya kwanza ambayo mtoto anaiona ikija kabla haijafika. Siku hiyo chumba huwa na kelele, nami huziacha.

Wiki ya nane, tofauti ya mati na kukwama. Mfalme asiyetishwa lakini mchezaji wake hana hatua halali hata moja, hapo mchezo ni sare. Watoto wenye malkia wawili na mfalme mpweke mbele yao huumia sana wakiambiwa ni sare. Waache waumie kidogo. Hawatasahau.

Sheria ya kete kuguswa, kwamba ukiigusa huna budi kuicheza, iingize mapema. Bila hiyo kila mchezo unakuwa ugomvi.

Kosa langu la kwanza: mashindano ya kutoana

Mwisho wa muhula wa kwanza nilikuwa na watoto 32, namba nzuri sana, nikapanga mashindano ya kutoana. Niliona fahari. Hesabu yake sikuifanya. Raundi ya kwanza ilipokwisha, watoto 16 walikuwa wameshatoka, na wengine walikuwa wamecheza dakika kumi tu siku nzima. Baada ya raundi ya pili walikuwa 24 waliokaa benchi wakitazama wanane. Nikampa mshindi zawadi, nikapiga picha. Jumatano iliyofuata walikuja 19.

Tangu hapo hatutoani. Kila mtoto anacheza raundi tano, awe ameshinda au ameshindwa. Anayeshinda anakutana na aliyeshinda, aliyeshindwa na mwenzake aliyeshindwa. Ushindi pointi moja, sare nusu. Huo ndio utaratibu unaoitwa wa Kiswisi, na unatumika hata kwenye mashindano makubwa ya dunia. Uzuri wake ni kwamba kufikia raundi ya tatu yule dhaifu kabisa amepata mtu wa kiwango chake, na karibu kila mtoto anarudi nyumbani na kitu. Ukiwa na watoto wanane tu, kila mmoja acheze na kila mmoja: raundi saba, michezo 28, waweza kuigawa kwa mwezi.

Ukutani tumebandika chati. Haionyeshi nani ameshinda mara ngapi. Inaonyesha nani amecheza michezo mingapi. Anayefika michezo 50 anapata cheti, hata kama 40 kati ya hiyo alishindwa.

Kosa la pili: hila ya hatua nne

Kuna mati ya haraka ambayo watoto huionyeshana kwa siri. Malkia anatoka mapema, ndovu anamfuata, wote wawili wanailenga f7, kile kitunda kinacholindwa na mfalme peke yake, na kwa hatua ya nne mchezo umekwisha. Kijana mmoja wa Gredi ya Nne alifundishwa na binamu yake, akaja akawafunga wenzake saba jioni moja. Mdogo mmoja nilimkuta chini ya dawati analia, hataki kutoka.

Jumatano iliyofuata niliwafundisha wote kinga. Farasi wa upande wa malkia atoke alinde kitunda cha e, na malkia na ndovu wakishajipanga, kitunda cha g kisogee mraba mmoja kumfukuza malkia. Basi. Hila imekufa.

Sikutarajia kilichofuata. Aliyetaka kuacha chama hakuwa yule mdogo, alikuwa yule kijana mshindi. Alikuwa hajui kingine, na sasa akishindwa kila mara, na hakuna aliyekuwa amemfundisha kushindwa. Alinuna wiki mbili. Nikamwekea mzee wetu wa drafti, babu mmoja wa mtaani anayekuja kusaidia, akae naye. Yule babu hakumfundisha hatua hata moja. Alimwambia tu, "Mwanangu, mimi nimefungwa barazani miaka arobaini, na kesho nitakwenda tena." Kijana akacheka. Yupo mpaka leo.

Kwa hivyo tuna desturi tatu mchezo ukiisha. Mnapeana mikono. Aliyeshinda anamwonyesha mwenzake pale mchezo ulipogeuka, kwa upole, bila kucheka. Kisha mnapanga kete pamoja. Nami kila mwezi nacheza mchezo mmoja dhidi ya chama kizima, wakipiga kura kwa kila hatua, na nikifanya kosa siombi kurudisha. Wanifunge wanione nikitoa mkono.

Mabuyu, na neno la maalim

Siku moja nilikuta wavulana wawili wamewekeana mabuyu, pakiti kwa pakiti, mshindi achukue zote. Nikadhani ni utoto. Habari ikafika kwa maalim wa madrasa, naye akaja, kwa heshima, akaniuliza tunafundisha watoto nini.

Alikuwa na haki. Wengi wetu hapa tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, na katika madhehebu hayo sataranji huhesabiwa makuruhu, si haramu, maadamu hapana kamari wala haimpitishi mtu swala. Wanazuoni wa madhehebu mengine wamekuwa wakali zaidi. Mabuyu ni kidogo, lakini kuwekeana ni kuwekeana. Tangu siku ile ni sheria ya kwanza ukutani: hapana kuwekeana kitu, hata njugu moja. Na adhana ikisikika, mikono inatoka ubaoni. Mzazi ambaye hataridhika pamoja na hayo, usibishane naye. Mwanawe ni wake.

Wasichana

Mwaka wa kwanza mbao zilikuwa hazitoshi, na ukisema "chukueni" wavulana huzifikia kwanza. Wasichana wakawa watazamaji, na mtazamaji hachelewi kuacha kuja. Sasa mbao zinagawanywa kwa orodha, wachezaji wanapangwa kwa kura, na funguo za kabati ziko kwa wasichana wawili wa Gredi ya Sita. Sikuhitaji hotuba yoyote.

Ahadi ambayo usiitoe

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa hivyo nimeliweka karibu na mwisho.

Nilipokwenda kuomba ruhusa ya kuanzisha chama, nilisema kwamba sataranji itapandisha alama za hesabu. Wazazi nao nikawaambia hivyo hivyo kwenye mkutano, kwa sauti kubwa. Nilikuwa nimelisikia mahali na lilipendeza. Baba mmoja alimleta binti yake kwa ajili hiyo hasa. Binti alikuwa hodari. Alikuwa wa kwanza kuifanya mati ya ngome mbili bila msaada. Mwisho wa mwaka alama zake za hesabu zilikuwa pale pale. Baba akaja, hakugomba, akasema tu, "Mwalimu, uliniambia." Akamtoa, akampeleka masomo ya ziada.

Baadaye nilisoma kwamba Uingereza walilichunguza jambo hili katika shule 100 za msingi, na ripoti ikatoka mwaka 2016. Baadhi ya shule zilifundishwa sataranji mwaka mzima, nyingine hazikufundishwa. Mwaka mmoja baada ya mafunzo kwisha, alama za hesabu hazikuonyesha tofauti. Armenia wameifanya sataranji somo la lazima shule za msingi tangu 2011, na wana sababu zao, lakini mimi sitamwahidi tena mzazi alama.

Ninachoahidi sasa ni hiki: mtoto wako atakaa saa nzima bila simu. Atafikiri kabla ya kunyoosha mkono. Atashindwa mara nyingi mbele ya watu, atatoa mkono, na atarudi. Wapo wazazi wanaoona ni kidogo. Wengi hawaoni hivyo.

Mkishatulia

Chama kikishapata mwaka mmoja, tafuteni shule jirani mcheze nao, kabla ya kuota mashindano makubwa. Shirikisho la taifa ni Chess Kenya, nalo ni mwanachama wa FIDE, chombo cha dunia kilichoanzishwa Paris tarehe 20 Julai 1924. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Sataranji Duniani, na huangukia karibu na mwisho wa muhula wa pili. Sisi huitumia kuwaalika wazazi wacheze na watoto wao, na wazazi ndio wanaofungwa. Kwa mazoezi ya nyumbani, Lichess ni bure na haina matangazo, na ina mpangilio wa watoto unaozima mazungumzo na watu wasiowajua. Uwashe kabla hujampa mtoto simu.

Yule binti sikumpata tena chamani. Lakini jioni moja nilikutana naye njiani akielekea madrasa, mkono mmoja amemshika mdogo wake wa kiume. Aliniamkia, akaniuliza kama Gredi ya Tatu nimeshawafundisha ngome mbili. Nikamwambia bado, wiki ijayo.

"Huyu anaijua tayari," akasema, akimwonyesha mdogo wake. "Tunacheza kwa vizibo."

Huyo mdogo mwakani ataingia Gredi ya Tatu. Nimemwekea nafasi.